Daraja la chuma la Ironbridge (1779): liliungwaje bila weldingi?

Cheche

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mchomeleaji. Kazi zangu ni mageti, madirisha, na mara mojamoja mapaa ya chuma. Juzi nimekutana na picha za lile daraja la Uingereza, kwenye kamji ka Ironbridge, Shropshire, linalovuka mto Severn. Wanasema ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu (kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), mwaka 1779. Na mji wenyewe umezaliwa baada ya daraja, ukachukua jina lake.

Nimekuza picha mpaka simu ikapata moto. Mshono wa weldingi hakuna, na hilo halinishangazi, umeme wenyewe wangeutoa wapi. Nikatafuta ribiti, sizioni. Bolti naona moja hapa moja pale, chache mno kwa mzigo ule. Sasa chuma chote kile kimekaa hewani kimeshikwa na nini?

La pili, hapa karakana tumebishana. Mwenzangu anasema sifa zote ni za Abraham Darby. Mimi nimeona mahali jina la Pritchard. Nani hasa?

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Chuma cha kusubu tunakijua, ukikidondosha vibaya umekipoteza. Daraja zima la kitu hicho limesimamaje zaidi ya miaka 240?

Wenye ujuzi karibuni. Nawasilisha.

---

Mpita_Njia

Navuta kiti kabisa, uzi kama huu haupiti kila siku.

Langu dogo tu: hata wangekuwa na mashine yako mkuu Cheche, isingewafaa sana. Chuma cha kusubu ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe polepole, kinapasuka pembeni ya mshono. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ngoja waje wenyewe.

---

Randa_Kongwe

Cheche, swali lako la kwanza lazima limkwamishe mchomeleaji, maana jibu lake liko karakana ya jirani, kwa maseremala. Mimi nimezeekea kwenye randa na patasi. Daraja hilo nililitembelea nilipokuwa masomoni huko, nikasimama chini yake kwenye njia ya kando ya mto, macho juu mpaka shingo ikauma. Wenzangu wanapiga picha tao zima na maji yake, mimi napiga picha viungo. Walinicheka njia nzima ya kurudi.

Daraja lile limeungwa kwa maungio ya mbao. Ulimi na tundu, mkia wa njiwa, na kabari.

Chukua kiungo kimoja tu. Kuna ubavu mnene unaopanda kutoka ukingoni kwa mpindo, na kuna kipande chembamba kinachotakiwa kuupita. Ubavu umesubiwa ukiwa tayari una tundu la pembe nne lililotoboka upande hadi upande. Kipande chembamba kinaingizwa humo, kinatokeza upande wa pili, halafu nafasi inayobaki inagongwa kabari ya chuma mpaka vyote viwili vinakaza. Kwingine utakuta mkia wa njiwa: ncha imepanuka, inalala kwenye kitanda chenye umbo hilohilo, ukiuvuta hauchomoki. Ukisogea karibu unaona hata upenyo mdogo kati ya ulimi na tundu, na kabari imejaza upande mmoja tu. Bolti chache ulizoziona zina kazi zake, na nyingine ziliongezwa kwenye matengenezo ya baadaye, lakini viungo vingi vinakwenda kwa mtindo huo wa kupachika na kukaza.

Vijana ninaowafundisha niliwachongea kiungo hicho kwa mbao ngumu. Nakaza kabari, nampa mmoja avute kwa nguvu zake zote, hola. Nikiigonga kabari kwa nyuma, mara moja tu, kitu chote kinaachia mikononi mwake. Hapo hakuna haja ya kuhutubia.

Kwa nini wafanye hivyo? Mwaka 1779 hapakuwa na fundi wa madaraja ya chuma, kwa sababu hapakuwa na madaraja ya chuma ya kumfundisha. Mtu aliyejua kukutanisha vipande virefu vikabeba mzigo juu ya nafasi tupu alikuwa seremala. Na sasa nakuja kwenye ubishi wenu. Thomas Farnolls Pritchard alizaliwa Shrewsbury mwaka 1723, baba yake seremala, naye akafunzwa useremala kabla ya kuwa mchoraji wa majengo. Ndiye aliyemwandikia tajiri wa viwanda vya chuma, John Wilkinson, mwaka 1773 akimpa wazo la daraja la chuma, na ndiye aliyechora. Kwa hiyo mwambie mwenzako: kabla chuma hakijayeyushwa, daraja lilikuwa limeshakaa kichwani kwa seremala.

Pritchard hakuliona. Alifariki mwishoni mwa 1777, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Swali la tatu nawaachia wenye hesabu zao.

---

Daftari_la_Kale

Mzee Randa, nakuheshimu, lakini hapo umevutia kamba upande wenu. Kuchora ni kitu kimoja. Nani alilipia?

Abraham Darby wa Tatu. Babu yake, Abraham Darby wa Kwanza, ndiye aliyefanikiwa kuyeyusha chuma kwa koki pale Coalbrookdale mwaka 1709. Koki ni makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa uchafu unaoharibu chuma. Kabla ya hapo tanuru lilikuwa linakula mkaa wa miti, na misitu ilikuwa na mwisho wake. Bila koki usingepata chuma kingi cha bei nafuu, na bila chuma hicho Pritchard angebaki na mchoro wake mfukoni. Kwa hiyo daraja halikuanguka pale kwa bahati. Lilijengwa jirani kabisa na tanuru lililolizaa.

Na wenye hisa hawakuwa na imani kama tunavyosimuliwa leo. Bunge lilipitisha sheria ya kulijenga mwaka 1776, lakini mwaka huohuo, mwezi Mei, wadhamini walimnyang'anya Darby kazi wakatangaza watafutwe watu wa kujenga tao moja kwa mawe, matofali au mbao. Hakuna aliyeleta kitu cha maana, ndipo wakarudi kwenye chuma. Hiki ndicho kipande cha historia ninachokipenda kuliko vyote, maana kwenye mabango ya watalii daraja linaonekana kama lilishuka limeshakubaliwa na kila mtu.

Pritchard alikadiria pauni 3,200. Gharama zilizidi mbali, na Darby alikuwa amekubali kubeba kinachozidi. Madeni hayo alikwenda nayo mpaka kaburini mwaka 1789, hajafikisha miaka 40. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweka nyuma ya mchoro.

Halafu faida yake: ushuru. Daraja lilifunguliwa kwa wapitaji tarehe 1 Januari 1781, na kibao cha ushuru kipo mpaka leo kwenye nyumba ya mtoza ushuru. Gari la farasi sita shilingi 2. Mtembea kwa miguu nusu peni, na nguruwe nusu peni vilevile, mkajionee wenyewe usawa huo. Chini kabisa wameandika kwamba daraja ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo askari awe kazini au asiwe kazini analipa, gari la barua linalipa, na familia ya kifalme nayo inalipa. Mwenye deni hana mfalme.

Magari yalipigwa marufuku mwaka 1934, lakini waenda kwa miguu waliendelea kutozwa hadi 1950.

---

Mizani

Swali la tatu basi.

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4. Kukandamizwa kinavumilia ajabu. Kuvutwa, hakifai. Sasa tao likikaa vizuri, mzigo wote unashuka kwa kukandamiza, kipande kinasukuma kipande hadi ukingoni. Pritchard na Darby walichukua umbo la daraja la mawe wakalimwaga kwa chuma, na umbo hilo ndilo linalokifaa chuma hicho. Ndiyo maana hata viungo vya kabari vinatosha: kazi kubwa pale ni kusukumana. Kuvutana ni kidogo.

Balaa lilikuja watu walipokilaza chuma hikihiki kama boriti. Boriti ikibeba mzigo, juu inakandamizwa, chini inavutwa. Tarehe 24 Mei 1847, daraja la reli la mto Dee pale Chester, kazi ya Robert Stephenson, boriti ya chuma cha kusubu ilipasuka treni ikiwa juu yake. Watu 5 walikufa. Chuma ni kilekile cha familia moja na cha Ironbridge. Kilichobadilika ni namna kilivyotumiwa.

Sababu nyingine, isiyo na ufundi mwingi: waliweka chuma kupita kiasi. Mbavu kuu 5, tani 378 na nusu, kuruka mita 30 na ushee tu. Thomas Telford alipojenga daraja la chuma Buildwas, juu kidogo ya mto huohuo, mwaka 1796, aliruka karibu mita 40 kwa tani 173. Chini ya nusu ya chuma, kwa nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo mzee Randa, na maungio yako yote mazuri, seremala wako alijaza mbao pasipohitajika.

---

Randa_Kongwe

Mizani, seremala anayejenga kitu cha kwanza duniani anaongeza unene, na usiku analala. Telford alikuwa na la kutazama. Pritchard alikuwa anatazama hewa.

Na hilo la Buildwas la tani 173, umesahau kusema liko wapi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa limeshaondolewa. Lile la tani 378 watu wanapita juu yake wakila aiskrimu.

Lakini kwa Darby ninakubaliana na Daftari kwa sehemu moja, tena hajaitaja: kusubu kwenyewe. Vipande ni karibu 1,700, na nusu moja ya ubavu mkuu ina urefu wa mita 21 hivi na uzito unaozidi tani 5, kipande kimoja. Mwenye karakana na ajiulize kalibu la mchanga la urefu huo linalazwaje sawasawa, na chuma kinachoyeyuka kinafikaje mwisho kabla hakijaganda. Darby alianza kazi hiyo akiwa na miaka 27. Waliokuja kupima kipande kwa kipande miaka ya karibuni waligundua kwamba kama asilimia 70 ya vipande, vikiwemo vikubwa vyote, kila kimoja kilisubiwa kivyake ili kitoshee pale kilipokwenda. Vinavyoonekana pacha, ukivipima havilingani. Aliyewahi kupachika fremu ya mlango kwenye ukuta uliopinda ananielewa. Huendi na vipimo vya kitabuni, unakwenda na vipimo vya ukuta.

Jambo jingine lilisumbua watu muda mrefu: zile mbavu zilinyanyuliwaje? Darby hakuacha maelezo, na mto Severn wakati ule ulikuwa barabara kuu ya mizigo, mashua zinapita kutwa. Huwezi kuuziba. Watu wamebuni kila aina ya majukwaa kwenye michoro yao. Halafu mwaka 1997, kwenye jumba la makumbusho Stockholm, ikapatikana picha ndogo ya rangi ya maji aliyoichora msanii wa Uswidi, Elias Martin, akiwa palepale mwaka 1779, daraja likiwa nusu. Ndani ya picha kuna nguzo za mbao zimesimikwa mtoni kama winchi, zinanyanyua mbavu kutoka kwenye maji, na pembeni nafasi ya mashua kupita. Basi, ubishi wa miaka 200 na zaidi ukamalizwa na mtu aliyekuwa anapita na brashi zake. Mwaka 2001 walijenga mfano wa nusu ya ukubwa kwa njia hiyo, na ulikubali.

Sasa natumaini mmeona hizo nguzo zilikuwa za nini. Mbao.

---

Mpita_Njia

Mzee Randa leo hashindwi 😂

Ila kuna kitu mmekiruka. Nimeona kwamba lilianza kupata nyufa miaka michache tu baada ya kufunguliwa. Kama tao ni imara hivyo na chuma kimezidi, nyufa za nini?

---

Mizani

Kosa si la tao. Ni la ardhi.

Bonde lile lina kuta za udongo wa mfinyanzi na tabaka za makaa ya mawe, na zinateleza kuelekea mtoni, polepole, mpaka leo. Maana yake kingo mbili za daraja zinasogeleana. Tao likibanwa kwa pembeni linataka kunyanyuka katikati, na hapo vipande vilivyowekwa kwa ajili ya kukandamizwa vinajikuta vinapindwa na kuvutwa. Tumeshaona chuma cha kusubu kikivutwa kinafanya nini.

Upande wa kusini ndio uliosumbua zaidi. Mwaka 1802 waliubomoa ule ukuta mzito wa mawe kwa sababu ulikuwa wenyewe unasukuma, wakaweka matao madogo ya mbao ya muda (haya mzee Randa, chukua na hili), na miaka ya 1820 yakabadilishwa kwa chuma. Ukilitazama daraja leo utayaona, ule upande wenye matao madogo mawili. Watu wengi wanadhani ni urembo wa tangu mwanzo.

Dawa yenyewe ilikuja kati ya 1972 na 1975. Walimwaga zege lenye nondo chini ya kitanda cha mto, umbo la tao lililopinduliwa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kazi yake ni kuzizuia kingo zisisogeleane zaidi. Daraja unaloliona ni la chuma, lakini kinachozuia lisiminywe hukioni, kiko chini ya maji.

Kitu kimoja cha kuwatetea wale wazee: mafuriko makubwa ya Februari 1795 yaliyavunja au kuyajeruhi madaraja mengi ya mawe kwenye Severn, hili halikuguswa. La mawe linaziba mto. Hili lina matundu, maji yanapita katikati ya mbavu. Telford mwenyewe alipata kazi ya Buildwas kwa sababu daraja la zamani pale lilichukuliwa na mafuriko hayohayo. Baada ya hapo chuma kilikuwa hakihitaji tena kubembelezewa kazi.

---

Cheche

Wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Mwenzangu nimempa simu asome mwenyewe, amenyamaza kwenye Pritchard, ila kwenye madeni ya Darby akapiga makofi. Tumegawana.

La mwisho, na hili ni la kikazi. Zile nyufa walizifanya nini? Maana mimi nikiletewa kitu cha kusubu kilichopasuka, kwanza namwangalia mteja usoni.

Na rangi: picha za zamani daraja ni kijivu, za sasa ni jekundu. Nani aliamua?

---

Randa_Kongwe

Nianze na rangi, fupi. Kati ya 2017 na 2018 taasisi inayolitunza, English Heritage, ilifanya ukarabati mkubwa, pauni milioni 3.6. Walipokwangua walikuta chini ya tabaka za kijivu mabaki ya rangi ya kwanza, nyekundu ya kuelekea kahawia. Wakairudisha hiyo. Kijivu kilikuja baadaye.

Nyufa, Cheche, mafundi wa zamani walifanya ambacho na wewe ungefanya kama ungekuwa huna mashine: waliifunga mikanda ya chuma kwenye sehemu zilizopasuka, wakaibana kwa bolti. Hizo ndizo baadhi ya bolti ulizoziona kwenye simu yako. Mikanda mingine ipo hadi leo, na ukiwa chini ya tao unaitambua haraka, kwa sababu imekaa juu ya kiungo badala ya kuingia ndani yake. Kipande kilichopasuka wamekiacha palepale. Kinaendelea kusukumwa, na kwa kusukumwa, hata kikiwa na ufa, bado kinafanya kazi.

Picha nilizopiga ninazo mahali. Nikizipata nitaweka hapa ile ya kabari, uione ilivyogongwa kwa mshazari kidogo. Nina hakika aliyeigonga alikuwa anatumia mkono wa kushoto, lakini hilo Mizani atalidai hesabu.

---

Mizani

Nalidai.